Shangazi, niliacha uhasibu nikashika brashi. Sasa kazini wananiita nirudi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 42, naishi Tabata Segerea. Nilikuwa mhasibu kwa miaka 15 katika kampuni moja maeneo ya Posta. Mwaka 2021 niliacha kazi nikawa mchoraji. Sikufukuzwa wala sikugombana na mtu.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Kigamboni. Navuka na pantoni asubuhi na jioni, na kwenye ile foleni ya kusubiri nikaanza kuwachora abiria nyuma ya karatasi za ofisini zilizochapwa vibaya. Mwanzo ilikuwa ya kupotezea muda tu. Baadaye nikawa naiacha pantoni iondoke makusudi ili nimalize shingo ya mtu au mkono wake ulioshika kamba ya kuku. Nikatafuta mwalimu wa Jumamosi, nikasoma kwake miaka miwili, halafu nikaandika barua ya kuacha kazi. Mume wangu tulishauriana naye na alikubali. Tulikuwa na akiba ya kutusogeza mwaka mmoja.

Shangazi, sijui nikuelezeje maisha niliyoyapata. Siku tatu kwa wiki naamka saa kumi na moja alfajiri naenda soko la samaki Feri. Nakaa pembeni ya wapara samaki na daftari langu, mnada unaendelea, magamba yananirukia. Sikuwahi kujua kibua ana rangi zile. Mgongo wake una kijani ndani ya buluu, na mistari kama wino uliomwagikiwa maji, na kadiri jua linavyopanda kile kijani kinakufa, inabaki rangi ya sufuria. Nina kipicha kidogo cha vibua watatu juu ya gunia, nilikirudia mara tisa. Mambo ambayo zamani nilikuwa nayapita tu sasa yananisimamisha njiani: nyumba za zamani za Upanga na nakshi zao za saruji, rangi ya kutu kwenye mabati, kivuli cha mwembe ambacho saa nane mchana si cheusi hata kidogo, ni zambarau. Nikiwa kibandani nasikiliza taarab ya zamani na siku inaisha bila mimi kuona saa.

Sasa shida. Mwezi uliopita mume wangu alikuwa anakula, akaniambia bila hasira yoyote, "Mke wangu, umepumzika vya kutosha." Sikujibu. Lile neno limenikaa kifuani hadi leo. Shangazi, mimi sijapumzika tangu 2021.

Wifi yangu naye likizo zote ananiletea watoto wake kwa sababu "wewe si upo tu nyumbani". Kikao cha harusi, mimi. Mgonjwa wa kupelekwa Muhimbili, mimi. Najikuta nachora usiku kwa taa ya umeme, na rangi za usiku asubuhi zinakuwa nyingine kabisa.

Kuna mwenye duka la zawadi alinipa oda ya picha ndogo 30: simba, tembo na twiga mbele ya Mlima Kilimanjaro. Kila moja 15,000, vifaa vinakula kama 5,000, na inanichukua saa nne. Alinilipa nusu mkononi. Nimemaliza 12, na kila nikikaa kuendelea nasikia kichefuchefu. Zile takataka za watalii si mimi.

Picha zangu mwenyewe, zile kubwa za Feri, nimechora 15. Moja inaniondoa wiki tatu, na kanvasi, mbao na rangi si chini ya 85,000. Nimeuza nne tu: moja 600,000, moja 400,000 na mbili kwa 350,000 kila moja. Tatu ziliondoka kwenye maonyesho ya pamoja ya siku mbili huko Mikocheni, ya nne aliichukua mama mmoja aliyekuja kumfuata mtoto wake kwangu akaiona sebuleni. Zilizobaki 11 zimeegemea ukuta kibandani, na masika iliyopita mbili ziliota ukungu mgongoni. Kwa jumla nimeingiza kiasi gani tangu nianze, sijui. Naona aibu kusema hivyo na mimi ni mhasibu, lakini nilipoacha kazi niliapa sitapiga tena hesabu maishani.

Wiki iliyopita bosi wangu wa zamani alinipigia. Nafasi yangu iko wazi, na mshahara umepanda. Nimjibu mwisho wa mwezi. Nimesoma kwamba hata Gauguin wa Ufaransa alikuwa mtu wa soko la hisa kabla ya kuwa mchoraji, na hakurudi nyuma. Siku hizi kichwa kinaniuma karibu kila siku nikiwa kibandani, nadhani ni mawazo. Ni chumba kidogo cha uani, na dirisha nalifunga kwa sababu majirani wanachungulia na kuniuliza, "Bado tu unachora?"

Nirudi kazini au niendelee?

Mchoraji, Tabata Segerea

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, lakini kabla ya ndoa na kazi, kalifungue hilo dirisha. Leo hii. Hayo ya kichwa huenda yana mawazo ndani yake, ila kama unachora kwa rangi ya mafuta na kusafishia brashi kwa tapentaini ndani ya chumba kidogo kilichofungwa, joto la Dar es Salaam likiwa juu yako, unavuta mvuke wa tapentaini kutwa. Kichwa lazima kiume. Kopo la tapentaini lifunikwe kila usipolitumia, dirisha na mlango viwe wazi upepo upite. Ukifungua na kichwa kikaendelea, nenda hospitali, usikae nacho. Na kama unatumia mafuta ya kitani, vile vitambaa vya kufutia usivikunje ukavitupa kwenye ndoo kibandani. Mafuta yale yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kibiriti. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye maji. Una watoto katika uwanja huo.

Picha nazo ziondoe ukutani. Weka vipande viwili vya mbao chini, na nafasi ya kiganja kati ya kanvasi na ukuta, maana ukuta wa saruji wakati wa masika unanyonya maji kama sponji na kitambaa kinakuwa wa kwanza kuyapokea.

Haya. Sasa nikwambie niliposimama kwenye barua yako, mara zote tatu. Nilisimama pale unaposema hujui umeingiza kiasi gani. Umeandika sentensi hiyo haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Mimi naona barua yote imo humo. Mume wako, wifi yako, bosi wako, hata zile simba na twiga, vyote vinaning'inia hapo.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa maandishi. Alikuwa na kibanda chake Ilala, akiandika vibao vya maduka na saluni, na maneno ya ubavuni mwa daladala, enzi ambazo stika za mashine hazijaja. Namwona mpaka leo: anakaza uzi uliopakwa chaki kutoka upande huu wa kibao hadi ule, anauvuta kwa vidole viwili, anauachia, na mstari mweupe unalala ulionyooka kuliko wa rula. Kisha brashi ya nywele ndefu, mkono umeegemea kijiti, pumzi ameibana mpaka herufi iishe. Watu walikuwa wanasimama kumwangalia. Na kaka yake alikuwa akipita anasema, "Bado unacheza na rangi?" Unaona, si wewe wa kwanza.

Yeye alikuwa habishani. Pembeni ya makopo yake palikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi lililojaa alama za vidole. Ukurasa wa kushoto kilichoingia, wa kulia kilichotoka, hata kibiriti aliandika. Elimu yake ilikuwa ya darasa la saba. Kaka mtu akisema, anafungua ukurasa, anamwonyesha, anaendelea na herufi yake. Tumesomesha watoto watatu kutoka kwenye kaunta buku lile, na mimi ndiye ninayelitunza.

Wewe umesomea kazi hiyo na kuifanya miaka 15, halafu ukaitupa mlangoni ulipoingia kwenye uchoraji, kana kwamba anayepiga hesabu hawezi kuona zambarau ndani ya kivuli. Naelewa kwa nini. Ulikuwa umeichoka. Lakini uliyemwacha nje ndiye ungemhitaji kuliko wote.

Basi nimekupigia mwenyewe, kwa namba ulizonipa. Kila picha ndogo ya wanyama inakuachia 10,000 kwa saa nne, yaani 2,500 kwa saa. Njoo kwenye zile kubwa. Nikichukulia kwamba unapata saa 20 za kuchora kwa wiki, maana nyingine wifi amezila, picha moja ni saa 60. Ile ya 600,000 ukitoa vifaa imekuachia 515,000. Hiyo ni karibu 8,600 kwa saa. Hata zile za 350,000 zimekulipa zaidi ya 4,400 kwa saa. Unasikia? Picha unayoiona haina soko inakulipa kuliko ile unayoifanya kwa ajili ya pesa.

Usishangilie bado. Tukusanye zote 15. Vifaa ni 1,275,000. Mauzo ni 1,700,000. Kilichobaki ni 425,000 kwa saa 900 za kazi, kama 470 kwa saa. Kwa pesa hiyo hata kijana wa kubeba ndoo pale Feri hasimami.

Sasa weka hesabu hizo mbili pamoja, wewe uliyezoea kusoma vitabu vya kampuni. Picha ikiuzwa, inauzwa vizuri. Tatizo limo kwenye zile 11. Mwenye ghala ambaye bidhaa zake 11 kati ya 15 zimegeuziwa uso ukutani, kwenye chumba kilichofungwa dirisha, hawezi kusema wateja hawapo. Wanunuzi wako wote wanne waliziona kwa macho yao. Watatu walikutana nazo ndani ya siku mbili. Wa nne alifuata mtoto. Hao wengine wa mji huu wamezionea wapi?

Kwa hiyo mwaka huu kazi yako ya kwanza si kuchora ya 16, ni kuzitoa nje hizo 11. Mikocheni tayari unaijua njia. Nafasi Art Space wako pale tangu 2008, wana wachoraji wanaofanya kazi palepale, wana maonyesho, na mtu anaingia akazungumza na wenzake. Jizoeshe kwenda hata siku ambayo huna picha ya kuonyesha, kwa sababu nafasi za maonyesho zinasikika kwa watu kabla hazijatangazwa. Alliance Française pale Upanga nao huonyesha kazi za wachoraji wa hapa. Halafu kuna kuta za kawaida ambazo wachoraji wengi wanazidharau: chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, mgahawa, ofisi ya wakili. Mwombe mwenyewe uitundike picha miezi mitatu, na kikaratasi chenye jina la picha, bei na simu yako. Andikianeni nani atawajibika ikiharibika. Jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kama hujafanya hivyo, na akitokea mtu anayetaka kuchapa picha yako kwenye fulana au kadi, jua hayo ni makubaliano mengine na malipo mengine, kumuuzia picha peke yake hakumpi ruhusa hiyo. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo kwa mambo hayo.

Nije kwenye neno lililoniudhi. Umeziita "takataka za watalii".

Mwanangu, Edward Saidi Tingatinga, ambaye picha za wanyama za namna hiyo zinaitwa kwa jina lake, alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akawa mtumishi wa nyumbani hapa mjini, baadaye akapata kazi Muhimbili. Alikuwa mtu mzima wa miaka 36 alipoanza kuchora mwaka 1968, akitumia hadibodi badala ya kanvasi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli badala ya rangi za kisanii, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana na kulipika. Ile rangi ina tabia yake: haikubali kuchanganywa taratibu ikiwa mbichi kama rangi ya mafuta, lazima uweke bapa moja, ikauke, uweke jingine juu yake. Ule mng'ao na zile kingo kali unazoziona kwenye chui wake vimetoka kwenye kopo la rangi ya baiskeli. Picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Alichora miaka minne tu, maana 1972 alikufa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu zake na wanafunzi wake waliendelea, wakafikia kuunda ushirika mwaka 1990, na mpaka leo kuna nyumba katika jiji hili zinazokula kwa brashi ile. Yeye naye alibadilisha kazi, kama wewe, tena bila akiba ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo sema "haya si yangu", hilo ni haki yako na ni kweli, mkono wako uko kwa wapara samaki. Takataka usiseme. Na hizo 18 zilizobaki zimalize, kwa sababu pesa ya mtu umeshaila. Zichore kwa adabu, saa za mchana, mbilimbili kwa siku, siku tisa zimeisha. Baada ya hapo mwambie mwenye duka kwamba oda za namna hiyo hupokei tena, na mpe jina la kijana anayezichora kwa kupenda. Wapo, na wana njaa ya kazi.

Kuhusu bosi wako. Usimjibu ndiyo, na usimjibu hapana. Amekupigia baada ya miaka yote hii, maana yake kuna mkono anaoukosa. Mwulize anaukosa siku zipi. Mimi si mhasibu, lakini nimeishi na watu wa kazi hiyo, najua mwisho wa mwezi ndio unaowaua. Mwombe mkataba wa siku nane kwa mwezi za kufunga mahesabu, kwa malipo ya siku, na siku zinazobaki ni zako. Akikataa, basi fungua kaunta buku la nyumbani pamoja na mume wako mtazame ada za watoto. Kama ada imo hatarini, rudi kazini mwaka mmoja, uchore alfajiri na Jumapili, na usijihesabu umeshindwa. Sam Ntiro wa Machame, ambaye picha yake jumba la makumbusho la MoMA kule New York liliinunua tangu 1960, alikuwa mwalimu Makerere na ndiye balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya uhuru. George Lilanga, mchongaji na mchoraji, alianza pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii Dar es Salaam, kama mlinzi. Mshahara wa kazi nyingine haukumnyang'anya yeyote kati yao jina la msanii. Kama ada haimo hatarini, mwambie bosi hapana kwa heshima na uende ukatundike picha.

Huyo Gauguin wako nimesikia habari zake, lakini isome mpaka mwisho. Soko la hisa la Paris lilianguka 1882, akaingia kwenye uchoraji mzimamzima, na mke wake, Mette, akaishia kwao Copenhagen na watoto watano, akiwalea kwa kufundisha Kifaransa na kutafsiri. Picha zinasifiwa dunia nzima, sibishi. Ila wewe unaponiandikia kwamba hakurudi nyuma, mimi namwona yule mama na daftari la wanafunzi.

Ndiyo maana nataka tuzungumze kuhusu mume wako kwa upole. Alikubali uache kazi. Akiba ilikuwa ya mwaka mmoja, na huu ni mwaka wa ngapi? Kuna mtu amebeba pengo hilo bila kulalamika, na siku aliposema, alisema akiwa anakula, bila hasira. Neno lake limekuumiza na lilistahili kukuumiza, kwa sababu si kweli. Lakini mtu husema "umepumzika" pale ambapo kazi hajaiona. Ameona nini yeye? Mlango wa kibanda uliofungwa, mke anayetoka na macho mekundu, na hakuna namba hata moja mezani. Mapato hayajui. Wewe mwenyewe huyajui, angeyajulia wapi?

Fanya hivi. Wikendi hii kaa uandike kila shilingi tangu 2021, iliyoingia na iliyotoka. Utalia kidogo, kisha mkono utakumbuka kazi yake. Jumamosi inayofuata mwamshe saa kumi na moja mwende naye Feri. Usimhutubie. Mnunulie chai na chapati kwa mamalishe, kaa uchore saa moja na nusu kama kawaida yako, akuone unavyofinya macho kukitafuta kile kijani cha kibua kabla hakijaondoka. Mkirudi, mbebeshe picha zote 11 mzitoe uani kwenye mwanga, mzipange. Usiku watoto wakilala, mwekee kaunta buku mbele. Mwambie, "Baba watoto, hiki ndicho nilichofanya, hiki ndicho kilichorudi, na hiki ndicho kilichokwama. Nisaidie kufikiri." Lile neno la kupumzika mwambie wakati huo kwamba lilikuchoma. Mwambie mara moja, usilirudie.

Kwa wifi usiende wewe. Ni dada yake, aseme yeye, baada ya kuona alichokiona Feri. Kwamba Jumatatu hadi Alhamisi mke wake yuko kazini mpaka saa tisa alasiri, na watoto wanakaribishwa Ijumaa. Msiba hauachwi, mgonjwa haachwi, lakini kikao cha harusi cha tano kinachojadili rangi ya vitambaa kinaweza kuendelea bila wewe, hata kama rangi unazijua kuliko wote.

Na wale wa dirishani, wakiuliza "Bado tu unachora?" waambie ndiyo, ingieni mtazame. Mmoja wao ana sebule yenye ukuta mtupu.

Niandikie mwezi ujao unieleze bosi amesemaje. Kile kipicha cha vibua watatu juu ya gunia, kama bado hakijapata mwenyewe, kiandike kwenye kaunta buku chini ya jina langu, uhesabu saa zote za hizo mara tisa, kisha unitajie bei. Isiwe bei ya undugu.

Shangazi